Mtoto Asiye na Namba

Jumatano jioni nilipita kwenye uwanja wa shule moja huku Igogo, Mwanza. Ni uwanja wa mlimani; mpira ukitoka, unadunda juu ya mawe hadi kwenye nyumba za bondeni. Watoto walikuwa wakipangana timu. Nahodha huyu anaita, na yule naye anaita, hadi akabaki mmoja, viatu mkononi, na hakuna aliyemtaja. Akaenda kukaa juu ya jiwe. Mpira uliposhuka, yeye ndiye aliyeufuata. Nilihesabu mara saba, na sikusikia asante hata moja.

Watoto wetu wana msemo wao: kupata namba, yaani nafasi kwenye timu. Mwenye namba anatembea kifua mbele hata darasani. Ni kweli Umitashumta, michezo ya shule za msingi Tanzania, lazima ichuje: shule, kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Mwaka 2018 taifa lilikuja hapa kwetu, Chuo cha Ualimu Butimba, na hakuna mkoa uliotuma mtoto kwa kumhurumia. Silalamikii hilo. Ila mazoezi ya Jumatano jioni si fainali, jamani.

Ndani ya Umitashumta hiyohiyo upo mpira wa goli, mchezo wa wasioona. Ulianzia Ulaya mwaka 1946 kwa askari waliopofukia vitani. Watatu kila upande, mpira una kengele ndani, na wote wanafungwa macho, hata yule anayeona kidogo, asimzidi mwenzake. Wanajilaza chini kuuzuia kwa mwili mzima. Watazamaji nao wana kazi yao: kunyamaza. Ukipiga kelele mpira ukiwa unabingirika, umemnyima mtoto masikio, na masikio ndiyo macho yake.

Nikiwaza hayo nawakumbuka watoto wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu. Kanda yetu ya Ziwa iliwahi kuwawinda. Shule ya Msingi Mitindo, kule Misungwi, iliwapokea waliotolewa makwao kwa kuhofia wauaji. Kwa mtoto kama huyo, kuitwa kwa jina lake uwanjani si mchezo tu.

Michezo ya watoto imo hata katika Biblia: nabii Zekaria, sura ya 8, anauona mji wa Bwana ukiwa umepona. Haonyeshwi majeshi. Anaona wazee wameketi na mikongojo yao, na njia zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Nani alifunga, hatuambiwi. Tunaambiwa njia zimejaa.

Nilimsogelea yule wa kwenye jiwe.

“Shikamoo, baba mchungaji.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe unacheza namba gani?”

Akatazama uwanjani, akatazama viatu vyake.

“Yoyote, baba.”

Mpira ukateremka tena, naye akaukimbilia. Safari hii nikashuka naye, na magoti yangu haya.