Walimwokoa, Hawakumsitiri

Usiku wa tarehe 20 Agosti 1995, katika mji wa Brentwood, Uingereza, mwanamume mmoja alikuwa akitembea peke yake barabarani, kisu mkononi. Hakuwa jambazi. Alikuwa amezidiwa na sonona, na usiku huo alitaka kujitoa uhai. Kamera ya halmashauri ikamnasa. Aliyekuwa zamu mbele ya skrini akawaarifu polisi, nao wakaja, wakachukua kile kisu, wakampatia daktari, kisha wakamrudisha nyumbani. Hakushtakiwa kwa lolote. Kamera ilikuwa imeokoa roho ya mtu.

Laiti mambo yangeishia hapo. Mwezi Oktoba, halmashauri ikitaka wananchi waone faida ya kamera zake, ilichapa picha mbili za mtu huyo katika jarida lake, uso wazi. Magazeti ya mji yakafuata. Kituo kimoja cha televisheni kikapewa mkanda, na halmashauri ikaomba kwa mdomo tu kwamba uso ufichwe. Ukafichwa nusunusu. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya BBC, katika kipindi kilichotazamwa na watu wapatao milioni 9. Ndugu, marafiki na majirani wakamtambua. Usiku wake mchungu kuliko yote ukawa tamasha la nchi nzima.

Alikwenda mahakamani kwao akashindwa. Hakukata tamaa. Tarehe 28 Januari 2003, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, ilimpa haki yake. Haikuilaumu kamera kwa kumwona. Ilisema kuonwa na mpita njia si sawa na kutangazwa kwa mamilioni. Halmashauri ingeweza kumwomba ridhaa, au kuuficha uso yenyewe, au kuhakikisha kwamba wanahabari wanauficha sawasawa. Uingereza ikaamriwa kumlipa fidia ya yuro 11,800.

Funzo ni hili: mwenye kamera ndiye mwenye dhamana, na ukimpa mwingine mkanda, dhamana inabaki kwako. Picha iliyochukuliwa kwa ajili ya usalama haigeuki kuwa tangazo kwa sababu tu aliyeichukua anatafuta sifa. Leo Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa kusudi halali alilozikusanyia, na azilinde.

Basi wewe unayekesha mbele ya skrini za soko, stendi au mtaa, kabla hujarusha kipande kwenye kundi la WhatsApp, kumbuka kwamba aliyemo humo ana mama, ana watoto, na kesho atapita njia ileile. Umemwona mwenzako siku ya udhaifu wake. Msitiri.