Msimamizi wa Kipaimara



Kila mara Baba Askofu anapokaribia kututembelea, darasa la Kipaimara hujaa. Vijana hujifunza Imani, Sala ya Bwana na Amri Kumi za Mungu. Nyumbani nako mazungumzo huwa ya nguo, chakula na wageni. Kisha Baba Askofu huwawekea mikono, akina mama hupiga vigelegele, na baada ya majuma machache mabenchi ya vijana huanza kubaki wazi. Je, wamekwenda wapi? Na ni nani aliyewafuata?

Tusome Matendo ya Mitume 8:14–17. Watu wa Samaria walikuwa wamekwisha kubatizwa. Mitume waliokuwa Yerusalemu waliposikia habari hiyo hawakupeleka salamu tu. Waliwatuma Petro na Yohana, nao wakafunga safari, wakawaombea, wakawawekea mikono, nao wakampokea Roho Mtakatifu. Angalieni basi: imani changa haikuachwa peke yake.

Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662 kinaagiza kila apewaye Kipaimara awe na msimamizi wa kumshuhudia. Ndugu zetu Wakatoliki nao, katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, wanashauri awe yule yule aliyemsimamia katika Ubatizo. Mbona basi sisi tunamchagua mtu kwa kutazama mfuko wake? Saa ya mkononi ni zawadi njema, lakini haimwombei mtoto.

Wazazi, mchagueni mtu wa sala, anayeshiriki Meza ya Bwana, ambaye akimwonya kijana wenu atasikilizwa. Wasimamizi, msingoje siku ya sherehe. Mwulizeni kijana juma hili amefundishwa nini. Njoni naye kanisani. Akihamia mjini kutafuta kazi, mpeni barua ya kumpelekea padre wa huko. Nanyi vijana, mkumbuke kwamba askari hapewi silaha ili aende kulala. Siku ile mnapewa nguvu za kuanza kazi ya Bwana.

Siku moja Bwana atatuuliza habari za watoto hawa. Heri yule atakayeweza kujibu, “Bwana, nilimfuata.”

Roho Mtakatifu awashukie vijana wetu, na sisi wazee atupe moyo wa kuwatunza. Amina.