Nywele za Bandia: Ni Uongo au Ni Sitara?

Lipo jambo ambalo watu hulicheka sokoni, lakini limpataye hulilia chumbani. Jambo hilo ni kupotewa na nywele. Mtu aliyezoea kuchana nywele zake kila asubuhi ajitazama katika kioo na kuona paji limepanda, au utosi umebaki wazi kama uwanja. Ndipo ajiulizapo: Je, nikae hivi hivi, au nitafute nywele nyingine nizibandike? Na akiisha kuzibandika, moyo wake humwuliza swali la pili, lililo gumu kuliko la kwanza: Je, sasa nimekuwa mwongo?

Swali hili lastahili kujibiwa kwa makini, maana ufundi wa siku hizi umelizidisha uzito. Wigi la zamani lilivaliwa kama kofia, na jioni likatundikwa ukutani. Sasa ziko nywele zilizopandwa juu ya wavu mwembamba sana, au juu ya utando mfano wa ngozi, ambazo hugundishwa kichwani kwa gundi. Mwenyewe hulala nazo, huoga nazo na kusali nazo kwa muda wa wiki mbili, tatu, hata nne. Wala si wanawake peke yao. Wanaume wenye upara nao wanazitafuta. Kitu kivuliwacho kila jioni humkumbusha mtu hali yake. Kitu kisichovuliwa chaweza kumsahaulisha. Hapo ndipo lilipo shauri letu la leo.

Watu wasidhani kwamba tamaa ya kupamba kichwa imeletwa juzi na garimoshi. Mji wetu wa Tabora ulikua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na mizigo mingi iliyopita humo ilikuwa ya mapambo: nguo za merikani na kaniki, nyaya za shaba, na shanga za aina nyingi mno. Kila nchi ilikuwa na shanga yake. Iliyopendwa huku ilikataliwa kule, na mkuu wa msafara asiyejua hayo alipata hasara. Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa Novemba 1857, wakati mahali hapa paliitwa Kaze, aliandika kwamba Wanyamwezi walisokota nywele zao vijisokoto vingi vidogo vilivyoning'inia mpaka shingoni. Nao vijana wa Kigogo, ambao misafara ilipita nchini mwao ikitoa hongo, walijulikana kwa nywele ndefu za kusokotwa zilizopakwa udongo mwekundu. Basi babu zetu walijua vema kwamba kichwa cha mtu husema kabla ya kinywa chake.

Wakati mwingine nchi ilijaribu kulimaliza shauri hili kwa amri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mafuta ya kujichubua na mawigi, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Hatusemi kwamba waliotangaza hivyo hawakuwa na sababu hata moja. Mafuta ya kujichubua yamewadhuru wengi, na kujidharau kwa mtu mweusi ni ugonjwa wa roho. Lakini katika siku zile wasichana walizomewa na kusumbuliwa barabarani. Je, amzomeaye mwanamke kwa ajili ya wigi amejuaje kilichomo chini yake? Huenda ni kiburi. Huenda pia ni kovu la moto, au ugonjwa ambao hata mama mzazi hajaambiwa. Macho ya barabarani hayawezi kupambanua mambo hayo. Hata ushuru hauwezi. Mwaka 2019 Serikali iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa nywele za bandia zitengenezwazo nchini, na asilimia 25 kwa zile zitokazo nje. Ushuru huo ulimtoza mgonjwa sawasawa na mwenye majivuno.

Walimu wa kale wa Kanisa nao walisema kwa ukali. Tertuliani aliwaonya wanawake wasijiwekee kichwani mabaki ya kichwa cha mtu mwingine. Klementi wa Aleksandria aliuliza: padre akiweka mikono juu ya nywele zisizo za mwanamke yule, ambariki nani? Ni swali kali, na lina ukweli ndani yake, kwa kuwa baraka yamtafuta mtu mwenyewe. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alipima jambo hili kwa mizani iliyo sawa zaidi. Alipambanua mambo mawili: kujitengenezea uzuri usio wako, na kufunika ila iliyoletwa na ugonjwa au sababu nyingine ya namna hiyo. Hili la pili, alifundisha, ni halali.

Katika lugha yetu tunalo neno lifaalo kwa jambo hilo, nalo ni sitara. Mwenye kuvaa nguo hadanganyi kwamba hana mwili; ausitiri. Tumfikirie mama wa Ng'ambo, hapa Tabora, aliyepanda garimoshi kwenda Mwanza kutibiwa saratani katika hospitali ya Bugando. Dawa nyingi za saratani huangusha nywele, mara nyingi katika wiki ya pili au ya tatu, na kwa kawaida nywele huota tena baada ya matibabu kwisha. Mama huyu arudipo nyumbani akiwa na wigi, hamdhulumu mtu. Anaomba tu apite sokoni bila kuulizwa habari ya ugonjwa wake na kila muuza nyanya. Yeye ana haki ya kuchagua ni nani atakayeambiwa. Siri ya mwili wake si mali ya mji.

Basi uongo waanza wapi? Kwa maoni yetu, uongo hauanzi katika kuvaa, bali katika kutoweza kuvua. Tutazame mfano mwingine. Kijana wa kike amesukwa kwa kukazwa mno miaka mingi, mpaka nywele za mbele zimenyonyoka. Agundisha nyingine, naye apendeza. Apata mchumba. Miezi yapita, mahari yatolewa, na kila kijana yule amkaribiapo, yeye hurudi nyuma asije akaguswa paji. Ayaogopa mvua, auogopa upepo, aogopa hata mkono wa ampendaye. Huyu hajatenda kosa kwa kuvaa nywele. Lakini ajitayarisha kuingia katika ndoa, ambamo wawili huahidiana kupokeana kama walivyo, hali amemnyima mwenzake nafasi ya kumpokea. Kijana akigundua baada ya harusi, hataumia kwa sababu ya upara, bali kwa sababu hakuaminiwa. Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Amwambie mapema, kwa maneno machache, naye avue mbele yake. Akikimbia kwa ajili ya nywele, ni heri akimbie sasa.

Mtu ataweza kutupinga hivi: Mwasema ni haki yake kusitiri, tena mwasema sharti aseme, je, hamjipingi? Hatujipingi. Sokoni tuna deni la adabu; nyumbani tuna deni la ukweli. Mpita njia hana haki ya kudai tuliyo nayo chini ya kitambaa. Mume, mke, na yeyote tutakayemkabidhi maisha yetu, tumewapa haki hiyo sisi wenyewe.

Kwa kuwa roho na mwili haviachani, yafaa tuseme machache juu ya kuchagua, kuvaa na kuvua.

Atakaye kuchagua, kwanza amwone mganga wa hospitali. Nywele huanguka kwa sababu nyingi, na baadhi zatibika. Mapunye ya kichwani hupona kwa dawa za kumeza. Nywele zilizonyofolewa na misuko ya kukaza huweza kurudi zikiachiwa mapema. Zikiachwa kuvutwa miaka na miaka, ngozi hufanya kovu na hazioti tena. Ni upumbavu kufunika kwa gundi kile ambacho daktari angekiponya. Tena mgonjwa atumiaye dawa za saratani, ngozi yake ni dhaifu. Wigi la kuvaa na kuvua lamfaa kuliko la kugundisha.

Pili, apime mfuko wake. Nywele hizi hazinunuliwi mara moja tu. Gundi, usafi na kubadilisha huendelea mwezi hata mwezi. Baba au mama anunuaye nywele kwa ada ya shule ya mtoto amevuka mpaka wa sitara na kuingia katika majivuno. Tena akumbuke kwamba nywele za binadamu zimetoka katika kichwa cha mtu. Nyingi hutoka India, ambako mahujaji wa hekalu la Tirumala hunyolewa kwa nadhiri, kisha nywele zao huuzwa kwa mnada. Tuwe na heshima tuvaapo kitu ambacho mwingine alikitoa kwa ibada.

Atakaye kuvaa, ajaribu kwanza tone la gundi katika ngozi ya mkono na kungoja siku moja au mbili, kwa kuwa wako ambao ngozi yao huikataa. Kichwa kiwe safi na kikavu, bila mafuta. Wala asichague nywele nyingi kupita kiasi kwa tamaa ya ujana uliopita. Mzee wa miaka sitini mwenye nywele za kijana wa ishirini hujulikana kutoka mbali.

Na kuvua ndiyo kazi itakayo subira kuliko zote. Asivute kwa nguvu, maana ngozi na nywele zilizosalia zitafuata. Atie dawa ya kulegeza gundi, angoje, aanze pembeni polepole, aoshe mabaki yote, kisha akiache kichwa kipumzike, akikague kama pana vidonda. Wengi huogopa saa hiyo kuliko saa yoyote, kwa kuwa wataonana tena na nafsi zao. Nasi twasema saa hiyo ni saa njema. Atakayejitazama bila chuki, akasema huyu ndiye mimi, huyo aweza kuzivaa tena kesho bila madhara kwa roho yake.

Sisi tulio na nywele nasi tuna wajibu. Watu wengi hujificha kwa sababu ya vicheko vyetu. Tukimwita mwenzetu "kipara" mbele ya watoto wake, tusishangae akitafuta gundi. Wahenga walituusia kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nyumba ambayo mgonjwa aweza kuvua kitambaa mezani, na watoto wakaendelea kula ugali wao bila kukodoa macho, nyumba hiyo imemtibu kwa namna ambayo duka halina.

Wapagazi wa Kinyamwezi walitoka pwani na mizigo begani, safari ya miezi mizima, nao walisifiwa kwa nguvu zao. Lakini kila siku walipofika kambini waliitua, wakaketi kuuzunguka moto. Hapakuwa na mpagazi aliyelala na mzigo begani. Basi na mwenye kubeba nywele zisizo zake, azibebe njiani kwa amani ikiwa zamfaa. Ila awe na mahali pa kuzitua, na watu wake wawe ndio kambi hiyo.