Gari Linalokwenda Sawa

Madereva wa utalii hapa Karatu wana hoja moja: "Mzee, usukani hauvuti hata kidogo, iweje useme gari linataka alaimenti?" Na wanasema kweli. Land Cruiser ya zamani ikiwa matairi yake ya mbele yanaelekeana kupita kiasi, kila moja linasukuma ndani kwa nguvu ileile. Yanakabana, gari linanyooka. Wageni watashushwa kwa barabara ya Seneto hadi chini ya kreta, watamwona faru, watapandishwa kwa Lerai na kurudi lojini salama.

Lakini milimita tatu tu za kuelekeana, kwa tairi la 750-16, maana yake kila kilomita tairi linaburuzwa kando karibu mita mbili. Kutoka Arusha hadi kwetu ni kilomita kama 140. Piga hesabu mwenyewe ni mpira kiasi gani umesagwa pasipo kuviringika. Pitisha kiganja kwenye kashata, vile vipande vya mpira usoni mwa tairi: kutoka nje kwenda ndani ni laini, ukirudisha inakwaruza.

Mimi ni Mwislamu. Katika sala za faradhi naomba mara 17 kwa siku niongozwe njia iliyonyooka. Nikiwa nimelala chini ya gari hujiuliza: naombea ninakofika, au namna magurudumu yangu yanavyosimama?

Al-Muhasibi, mzaliwa wa Basra aliyefariki Baghdad mwaka 857, aliichambua riya, yaani kutenda wema ili watu waone, kwa undani. Chukua tajiri anayetoa futari. Nusu ya moyo inamtaka Mungu, nusu inataka watu waone. Wali unamfikia yatima bila kupinda. Wapo watakaosema tendo lote limebatilika. Waache waseme, mimi siwezi kuuita bure wali uliomshibisha mtoto. Ninachokiona ni kingine: tajiri huyo huchoka mapema. Ramadhani chache tu, anaanza kuhesabu magunia na kulalamikia wasioshukuru. Hakupotea njia. Amesagika.

Hata hivyo, tairodi siifungi hadi sifuri. Navuta kamba, napima kwa futi mbele na nyuma ya matairi, naacha kama milimita moja ndani, maana gari likitembea, barabara huyasukuma yafunguke. Land Rover Defender, ambayo magurudumu yake ya mbele nayo huvuta muda wote, huachwa sambamba au wazi kidogo kwa nje. Ndiyo maana sina subira na mhubiri anayemdai mtu aliyekaa mkekani nia safi isiyo na doa. Anapima gari lililoegeshwa. Mimi nataka kuziona kashata zikitoka kwenye rasta za barabara ya Lodoare hadi Naabi, na hata hapo nitalitikisa gurudumu kwanza, maana beringi ikilegea futi yangu haina kazi.