Tundu, Dalili na Hukumu ya Fundi

Namna akili inavyovuka kutoka kwenye dalili inayoonekana hadi kwenye sababu isiyoonekana ni swali la kale la falsafa, na injini ya gari lenye kabureta, kama vile Peugeot 504 iliyotoka kiwandani kuanzia mwaka 1968, hulifanya swali hilo kuwa gumu zaidi, kwa kuwa sababu inayotafutwa humo huweza kuwa tundu, yaani pengo mahali palipostahili kuzibwa.

Pistoni inaposhuka huvuta hewa, na kwa kuwa kilango cha kabureta huwa karibu kimefungwa pale injini inaponguruma bila kukanyagiwa mafuta, shinikizo ndani ya manifoldi, ambayo ni mabomba yanayogawia silinda hewa na petroli, hushuka chini ya lile la nje. Upungufu huo ndio unaoitwa vakyumu, na katika injini nzima geji husoma takriban inchi 17 hadi 22 za zebaki. Gasketi ikichakaa au mpira wa busta ya breki ukipasuka, huingia hewa ambayo kabureta haikuipimia petroli, mchanganyiko huwa mwepesi kupita kiasi, na injini hutetemeka au huzimika.

Hata hivyo, mtetemeko huohuo huweza kuletwa na plagi chafu au vali iliyoungua, na geji inayosoma 14 bila kuchezacheza huweza kuashiria tundu au taimingi ya cheche iliyochelewa. Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitofautisha burhani, yaani hoja ya uthibitisho, inayothibitisha kuwa jambo lipo na burhani inayobainisha pia kwa nini lipo. Kwa kipimo hicho, geji humpa fundi burhani ya aina ya kwanza peke yake, kwani humhakikishia kuwa ipo kasoro bila kumwambia imetoka wapi.

Ili kuivuka hatua hiyo, fundi hunyunyiza maji ya sabuni kwenye kiungo kimoja baada ya kingine, hadi yanapofika chini ya kabureta, ambapo mluzi mwembamba wa hewa hukatika, povu hunyonywa ndani, na mngurumo hutulia kwa sekunde chache kabla ya kuharibika tena. Mwanafalsafa David Hume, katika kitabu chake cha mwaka 1748 kuhusu ufahamu wa binadamu, alieleza sababu kuwa ni kitu kinachofuatwa na kingine kila mara, kisha akaongeza, kana kwamba ni maana ileile, kuwa bila cha kwanza cha pili kisingalikuwapo. Kazi ya fundi huonyesha kuwa maana hizo ni mbili, kwa sababu kutazama mfuatano wa mambo ni kitendo kimoja, na kuziba tundu ili kuona kitakachotoweka ni kitendo kingine.

Lakini hata maana ya pili ina upungufu. Fundi aliyetangulia huenda alilegeza skrubu ya mchanganyiko ili petroli iongezeke, na injini ikatulia ilhali gasketi imebaki mbovu. Kwa kigezo cha Hume, basi, mkao wa awali wa skrubu nao ungehesabiwa kuwa sababu, kwa kuwa ulipoondolewa mtetemeko uliondoka. Hewa ya nje nayo ingeingia katika orodha hiyo, kwani ndiyo inayosukuma, na tundu lenyewe halisukumi chochote. Mambo yote matatu yalihitajika ili injini itetemeke, lakini ni gasketi pekee iliyoacha kazi yake, huku skrubu ikiwa mahali ilipowekwa na hewa ikifuata maumbile yake.

Inafuata kwamba anayetaja sababu ya kasoro hutoa hukumu mbili kwa pamoja: moja kuhusu kinacholeta tofauti, ambayo majaribio huweza kuipima, na nyingine kuhusu jinsi kitu kilivyopaswa kuwa, ambayo hakuna geji inayoisoma. Kwa hiyo fundi mwangalifu, baada ya kubadilisha gasketi, huirudisha skrubu kwenye kipimo chake na kusikiliza upya, kwa kuwa dalili iliyonyamazishwa kwa kuharibu kilichokuwa sawa haijathibitisha lolote kuhusu kilichokuwa kibovu.