Je, Polishi Ni Uongo?

Kuna swali ambalo wengi wetu tunaonunua magari ya mtumba hulikwepa: ukilirudishia gari sura yake, unalitunza au unaliandalia mtu wa kudanganya? Linaonekana swali dogo. Gari ni chuma, halina roho, na hakuna dini inayokataza kuosha rimu. Lakini ukilifuata hadi mwisho, linakutoa gereji na kukuweka mbele ya kioo, ukiangalia CV yako, picha zako za Instagram, na lile shati la Gikomba ulilopiga pasi mara mbili ndiyo lisionekane la Gikomba.

Tuanze na gari, kwa sababu gari ni rahisi kuliko sisi.

Magari mengi tunayoyaita mapya huku yamezeekea Japani. Kule, gari jipya la abiria hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Ukaguzi huo unaitwa shaken, na bei yake si ya mchezo. Wengi huona afadhali wauze. Gari likipelekwa mnadani, mkaguzi analizunguka akiwa na karatasi yenye mchoro wa gari. Penye mkwaruzo anaandika A. Palipobonyea, U. Paneli iliyowahi kunyooshwa na kupakwa rangi upya, W. Gari lililogongwa hadi mifupa yake ikatengenezwa hupewa R mahali pa gredi. Karatasi hiyo haina aibu wala huruma. Inasema gari limepitia nini, basi.

Halafu gari linapanda meli hadi Mombasa, mradi halijapitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, maana kiwango cha KS 1515 hakiruhusu zaidi ya hapo. Ukilikuta kwenye yadi Nairobi, rangi inawaka, tairi ni nyeusi ti, ndani kunanukia stroberi. Uliza ile karatasi uone vile watu wanaanza kutafuta funguo. Gari limevuka bahari nzima bila kupoteza hata kifuniko cha rimu, lakini herufi tatu nne za kalamu zimepotea njiani.

Mwaka jana binamu yangu alinunua Subaru Forester ya 2014, iliyotumika hapa hapa nchini, kwa milioni moja na laki mbili. Nusu ilikuwa akiba, nusu mkopo wa sako. Injini ilikuwa sawa. Sura ndiyo ilikuwa imechoka: taa za mbele njano kama meno ya mvuta sigara, plastiki za bampa zimekuwa kijivu, rangi imefifia, viti vinanuka mvua ya zamani. Tulitumia Jumamosi tatu kwa fundi mmoja Kariobangi, na mimi nilienda kwa sababu kazi ya kuandika kwa malipo ya makala huniachia Jumamosi nyingi.

"Mkubwa," fundi akamwambia binamu, "hii tukiipiga msasa vizuri, mkeo atadhani umebadilisha gari."

Niliyojifunza hapo yalinifaa kuliko madarasa mengi ya falsafa niliyokaa kabla niache chuo. Taa za magari ya siku hizi si kioo, ni plastiki ya polikaboneti. Kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kuzuia miale ya jua. Ngozi hiyo ikichoka, taa inageuka njano. Mtaani tunajua dawa: dawa ya meno na kitambaa. Na kweli taa inang'aa. Lakini dawa ya meno inakwaruza tu, hairudishi ile ngozi, kwa hivyo baada ya miezi michache njano inarudi. Njia ya kweli ni ndefu. Unaanza na msasa wa maji wenye chembe kubwa kiasi, unapanda hadi namba 2000, unapiga polishi, halafu lazima upake kinga mpya. (Msasa, kwa njia, ni jina la mti. Majani yake hukwaruza, na watu walisugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi kufika madukani.)

Rangi nayo ina siri yake. Juu yake kuna tabaka angavu, jembamba kuliko unywele wako. Polishi ya kukata mikwaruzo inafanya kazi kwa kumenya tabaka hilo kidogo kidogo. Kwa hivyo mng'ao unaoupata leo umeutoa kwenye akiba ya kesho. Na usukani wa ngozi unaong'aa? Huo si upya. Ni jasho na mafuta ya mikono ya miaka. Ukiusafisha unapoteza mng'ao na kuwa wa kawaida, jinsi ulivyotoka kiwandani. Nilikaa kimya kidogo hapo. Kumbe kuna kung'aa ambako ndio uchafu wenyewe.

Jumamosi ya pili fundi akatoa sumaku ndogo mfukoni, akaipitisha kwenye gari lote. Ilishika kila mahali, hadi mlango wa nyuma kushoto. Pale ilianguka. Akairudisha, ikaanguka tena. "Hapa kuna fila nene," akasema. "Huu mlango uligongwa." Aliyemuuzia binamu hakuwa amesema lolote kuhusu kugongwa.

Sasa, gari lilipomalizika lilikuwa limependeza kweli. Wiki mbili baadaye jamaa anayefanya kazi jengo moja na binamu akaliona kwenye maegesho, akatoa ofa: milioni moja, laki nne na nusu. Ukitoa gharama za Kariobangi, hiyo ni faida ya karibu laki mbili, na dada yake mdogo alikuwa na karo ya muhula ambayo haikuwa na mwenyewe. Binamu akanipigia usiku. "Buda, niambie ukweli. Kwani ni lazima niseme kuhusu mlango? Mimi mwenyewe hakuna aliyeniambia."

Hapo ndipo swali la polishi liliacha kuwa la polishi.

Jibu la haraka ni kusema kila urembo ni uongo. Tunazo methali za kazi hiyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mimi sikubaliani na jibu hilo, na nadhani wanaolitoa hawajawahi kufika kwenye geti la mtaa wa matajiri na gari lenye taa njano. Mlinzi anakuuliza maswali manne. Rudi wiki ijayo likiwa limepigwa polishi, anafungua huku anapiga saluti. Mji huu unasoma sura kwanza, maneno baadaye. Kumwambia mtu wa kipato kidogo asijali sura ni kumwambia akubali kuulizwa maswali manne kila siku ya maisha yake. Kutunza kitu ulichokitafuta kwa jasho ni heshima, kwako na kwa kitu chenyewe.

Kwa hivyo tatizo si mng'ao. Tatizo ni pale mng'ao unapogeuzwa ushahidi.

Waislamu wengi, na sisi wengine tuliokaa nao Pwani, tunakijua kisa cha Mtume Muhammad sokoni. Alitia mkono kwenye rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu ndani. Mwenye mali akaeleza kwamba ilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Ona kwamba hakulaumiwa kwa mvua. Nafaka kulowa si dhambi, wala kuuza nafaka iliyolowa. Kosa lilikuwa ni mpangilio: kavu juu, mbichi chini, na mnunuzi aachwe ajidanganye mwenyewe. Muuzaji hahitaji kusema neno lolote la uongo. Rundo linamsemea.

Mwaka wa 1970 mwanauchumi Mmarekani, George Akerlof, aliandika kuhusu jambo hili akitumia mfano wa magari yaliyotumika. Mnunuzi hawezi kutofautisha gari zuri na bovu, muuzaji anaweza. Kwa hivyo mnunuzi, akijua anaweza kupigwa, anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo inamwibia, anaondoka sokoni. Wanaobaki ni wenye mabovu. Mwaka wa 2001 alishinda tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, lakini mtu yeyote aliyetembea yadi akiwa na fundi wake pembeni anaijua nadharia hiyo kwa miguu.

Ninachokichukua kwa Akerlof ni kwamba uongo wa sokoni haulipiwi na mnunuzi peke yake. Unalipiwa pia na mkweli. Kila mlango wa fila unaouzwa kimya unafanya polishi ya mtu mwaminifu ishukiwe. Yule anayekwambia "gari lilikuwa la daktari, lilikuwa linaenda kanisani tu" pengine anasema ukweli, lakini ameshatanguliwa na wengi mno. Binamu alipodanganywa kwa kunyamaziwa alipoteza pesa. Akinyamaza na yeye, anakuwa ameamua kwamba alichofanyiwa ndio utaratibu.

Lakini je, tunadaiwa kusema kila kitu? Hapa ndipo sisi tunaachana na magari. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Rafiki zangu wameshanishauri niandike kwenye CV "shahada, inaendelea." Haiendelei. Wakati huo huo sioni kwa nini nimweleze kila mtu ninayekutana naye kwamba sikumaliza na kwa sababu gani. Mtu ana haki ya kuwa na chumba ambacho wageni hawaingii. Gari halina haki hiyo, kwa sababu gari halina aibu ya kulindwa.

Nimejaribu kutafuta mahali mstari unapopita, na hiki ndicho nilichofikia: deni la ukweli hupimwa kwa uzito ambao mwenzako anakwenda kuuegemeza juu yako. Hakuna anayeegemea wino wa plastiki ya bampa. Ipake mafuta iwe nyeusi, isionekane kijivu, huna haja ya kumtangazia mtu. Lakini mlango wa nyuma kushoto una mtoto atakayekaa nyuma yake. Mita ya kilomita ina ratiba ya kubadilisha mikanda inayoitegemea. Pale ambapo mtu ataweka mtoto, pesa ya sako au miaka yake, hapo nafaka iliyolowa inakwenda juu. Kwa kipimo hicho, mhariri anayetaka makala haegemei shahada yangu, anaegemea sentensi zangu. Lakini kazi ikitaka shahada, naandika sikumaliza, kwa sababu hapo wanaiegemea.

Sheria yetu inaelekea huko huko. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua. Lakini Katiba haikai nawe kwenye maegesho usiku ukipiga hesabu ya karo. Na usiniambie uaminifu daima hulipa. Mara nyingi haulipi, ndiyo maana unaitwa uaminifu wala si biashara nzuri.

Nilimwambia binamu hayo kwa maneno machache kuliko haya. Nikamwambia pia kwamba karo ni ya kweli, na kwamba si mimi nitakayeilipa, kwa hivyo uamuzi ni wake.

Aliazima sumaku kwa fundi. Jamaa alipokuja kulijaribu gari, binamu alimwekea mkononi, akamwambia aanzie mlango wa nyuma kushoto. Ikaanguka. Jamaa akashukuru, akashusha ofa hadi milioni moja na laki moja, chini ya bei ambayo binamu mwenyewe alilipa. Binamu akakataa. Karo ililipwa kwa awamu, na kwa kiasi fulani ilitoka kwenye mkopo mwingine ambao bado unakatwa mshahara wake.

Gari bado liko naye. Taa ni angavu, kinga mpya imeshika. Amepiga picha kila paneli, akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi moja: mlango wa nyuma kushoto, W. Karatasi iko ndani ya dashibodi pamoja na risiti za Kariobangi. Siku atakapoliuza, mwenye kulinunua atalikuta linang'aa, na atajua linang'aa kwa sababu gani.