Haki ya Ua Lisiloliwa

Je, ni israfu kulitengea ua udongo ambao ungeotesha maharagwe? Katika vilima vya Gitega na Muyinga, nchini Burundi, swali hili ni zito, kwa kuwa mashamba ni madogo na familia nyingi hula hasa kile kinachotoka humo. Mwislamu na Mkristo wote wamefundishwa kwamba ardhi ni amana, na kwamba mwenye amana ataulizwa. Hata hivyo naamini kosa halimo katika kupanda kisicholiwa. Kosa ni kupalazimisha mahali pazae uzuri wa pengine, huku gharama ikibebwa na asiyeuhitaji.

Krisantemu ni ushahidi mzuri. Ulaya huchanua majani ya miti yanapopukutika, kwa sababu mmea huu hupima urefu wa usiku: usiku ukirefuka, unatoa vitumba. Gitega iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote haifiki nusu saa. Usiku wake ni mrefu wa kutosha mwaka mzima, hivyo mche huharakisha kuchanua kabla haujapata shina. Wakulima wa biashara nchini Kenya huwasha taa usiku ili kuuzuia. Mmea haujaasi, unatii kadiri uliyoumbiwa. Vivyo hivyo, nyasi za mapambo zilizozoea kupumzika wakati wa theluji hazitaipata hapa. Pumziko la hapa ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, na ua linalodai ndoo ya maji mwezi Julai, maji aliyoyapandisha mtoto kutoka bondeni, limekwisha kuwa dhuluma.

Atauliza mtu: mahindi, maharagwe na mihogo si vilitoka Amerika? Kweli, na hata alizeti pori inayong'arisha kingo za barabara ilitoka Meksiko, nayo majani yake hurutubisha shamba. Basi asili ya mmea si kipimo. Wala kustawi peke yake si kipimo: nyasi moja ya Afrika yenye mashuke ya kupendeza ilipelekwa Hawaii kuwa pambo, ikasambaa hadi ikawa kuni za mioto ya nyika. Kipimo ni mambo mawili kwa pamoja, kukubaliana na mahali na kutomdhuru jirani.

Pingamizi kubwa zaidi ni njaa. Lakini ua halihitaji katikati ya shamba. Kwenye mteremko, mabingobingo yaliyopandwa kukingama hushika udongo na kulisha ng'ombe. Kando yake pana ukingo ambao maharagwe hayaudai. Katika waraka *Laudato Si'* wa mwaka 2015, Papa Fransisko alikumbusha kwamba Mtakatifu Fransisko wa Assisi alitaka sehemu ya bustani ya watawa iachwe kwa maua ya porini, ili watakaoyaona wamwinulie Mungu mawazo yao. Watawa hao walikuwa wamechagua ufukara. Hawakungoja utajiri ndipo waupe uzuri nafasi. Kumwambia maskini angoje ni kumhesabu kuwa tumbo tu. Haki yake ya uzuri ni kamili, nayo ina mpaka uleule unaomfunga tajiri: asimpore mwingine maji, udongo wala nguvu.